Kwenu Imepita

Kabla hajawa mwenyekiti, shemeji yangu alikuwa mpiga picha, na kabla simu hazijajifunza kupiga picha, alikuwa mpiga picha mwenye wateja. Studio yake ilikuwa chumba cha pembeni katika nyumba ya dada yangu. Ninasema nyumba ya dada yangu kwa sababu tofali zile zililetwa na cherehani. Shemeji alileta mlango. Ni mlango mzuri, simnyimi haki yake.

Mle studio mlining'inia pazia lililochorwa ndege, ngazi imeteremshwa, mlango wa ndege uko wazi unamsubiri mteja. Karibu kila mtu wa mtaa wetu ana picha akiwa amesimama chini ya ngazi ile, mkono mmoja mfukoni, mwingine umeshika begi ambalo nalo lilikuwa mali ya studio. Aliyeichora ndege hakuwahi kuiona ikiwa chini, kwa hiyo hakuipa magurudumu. Hakuna aliyelalamika. Shemeji mwenyewe aliamini kabisa kwamba ukishapigwa picha ukisafiri, umesafiri, na ukimbishia alikuonyesha picha.

Mimi ni mdogo wake dada. Natia vifungo na kupiga pasi, na nalala chumba cha uani. Dada anashona sare za shule, na wakati huo alikuwa akizishonea chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa linalotazama barabara. Dirisha lile halikuwa pambo. Macho ya dada yalikuwa yameanza kumgomea. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi alikuwa hauoni mpaka mwanga wa dirishani uumulike. Aliivuta cherehani mpaka meza ikagusa ukuta, akainama, na mguu wake ukikanyaga pale chini sisi sote tulikula. Shemeji pia alikula, tena kwa hamu.

Basi ikaja habari ya treni ya mwendo kasi. Serikali ilikuwa inatafuta mahali pa kuweka stesheni, na wataalamu walikuwa wakipima sehemu mbili upande wetu: uwanja wa mpira ulio mbele ya mtaa wetu, na mabustani ya mtaa wa ng'ambo ya kijito. Siku ileile shemeji alivaa koti, koti zito la kupigia picha wateja wasio na koti, akazunguka nyumba kwa nyumba. Aliporudi alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Kuvuta Stesheni. Niliuliza itavutwa kwa kamba au kwa mnyororo. Lakini uongozi ulikuwa umeshamkaa kichwani.

"Shemeji," aliniambia kesho yake, amesimama katikati ya chumba cha kushonea ananizibia mwanga, "abiria anahitaji nini kuliko vyote?"

"Tiketi."

"Picha! Akipanda anataka picha. Akishuka anataka picha. Mimi kazi yangu itakuwa kubadilisha pazia tu, natoa ndege naweka treni."

"Na treni yenyewe si itakuwa hapo nje? Pazia la nini tena?"

Aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa asiyejua kwamba anaumwa. Kisha akamgeukia dada, akamweleza kwamba chumba hiki cha mbele ndicho kitakachokuwa ukumbi wa abiria. Viti hapa, kioo pale, vinywaji baridi kwenye kona ya cherehani.

"Na cherehani?" dada akauliza.

"Itapata mahali."

Dada alikata uzi kwa meno, akaendelea na kola. Yeye ni mtu wa kuyaacha maneno yapoe kwanza. Mimi sikujaliwa hivyo.

Wataalamu walituita kwenye ukumbi wa shule kutueleza mradi. Aliyeongoza kikao alikuwa ofisa mmoja tuliyempa jina la Bwana Tai, kwa sababu tai yake ilikuwa ndefu kuliko maelezo yake. Alituonyesha picha ya kompyuta ukutani. Kwenye picha ile uwanja wetu ulikuwa na jengo la vioo na miti iliyopandwa kwa mstari, na chini ya miti walitembea watu wembamba, wamebeba kahawa, na hatukumfahamu hata mmoja. Fundi viatu wa pale kona akauliza sisi tuko wapi kwenye picha hiyo.

"Hiyo ni mfano tu, mzee wangu," Bwana Tai akasema.

"Mfano wa sisi tukiwa tumehama?"

Kamati ikamwambia fundi viatu akae chini asituletee aibu mbele ya wageni. Akanyanyuka mama muuza mkaa, ambaye nyumba yake ilikuwa ukingoni kabisa mwa uwanja. "Mimi nauliza kimoja tu. Hiyo treni itasimama?"

Bwana Tai alitabasamu kwa upole. "Mama, treni ya namna hii ikianza kusimama kila mahali, itakuwa na tofauti gani na basi?"

Watu wakapiga makofi. Nasema kweli, walipiga makofi. Shemeji yangu alisimama kabisa ili makofi yake yaonekane.

Ikatangazwa kwamba Mhandisi mkuu atakuja mwenyewe kuviona viwanja vyote viwili, mwanamke mmoja anayesifika kwa kutotaka hotuba. Kamati ikakaa kitako. Habari zilikuwa zimeshafika kwamba wa ng'ambo hawautaki mradi hata bure, wanalilia mabustani yao, na wamepanga kulala barabarani siku hiyo wakipiga kelele kwamba hawaondoki. Tuliwacheka mpaka mbavu zikauma. Washamba wale! Shemeji alicheka kuliko wote, halafu akatoa mpango wake.

"Wao watamwonyesha fujo. Sisi tutamwonyesha abiria."

Mpango ulikuwa huu: kila mtu asimame kando ya barabara na sanduku, amevaa vizuri, ili Mhandisi aone kwa macho yake kwamba mtaa huu una wasafiri wa kutosha kuijaza treni kila siku. Hawakuhitaji kuwa na safari, na masanduku hayakuhitaji kuwa na kitu. Ilikuwa studio ileile, ila sasa pazia lilikuwa mtaa mzima. Masanduku yakaazimwa kila pembe. Shemeji aliingia chumba cha kushonea, akalichukua sanduku la dada la vipande vya vitambaa, sanduku alilokuja nalo siku ya harusi yake, akavimwaga vipande sakafuni na kuondoka nalo. Nilimwita majina ambayo shemeji hastahili kuitwa na shemeji yake. Dada aliviokota kimoja kimoja, akavitia kwenye gunia la unga.

Siku ilipofika, mtaa wetu ulipendeza ajabu. Shemeji alipita mstarini akirekebisha watu mabega, "Inua kidevu, wewe, safari ni furaha," akiwafundisha jibu la kutoa wakiulizwa. Aliona neno "nasafiri" litawatia watu kigugumizi, kwa hiyo akachagua jepesi. Semeni mnaondoka, alisema. Basi.

Mhandisi alishuka kwenye gari na viatu vyake vya matope, akatazama mstari ule, akashangaa. Alimwendea mama muuza mkaa.

"Shikamoo mama. Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Naondoka."

"Unaondoka kwenda wapi?"

Hilo hakufundishwa. Mama akamtafuta shemeji kwa macho, akamkosa. "Naondoka tu, mwanangu."

"Na wewe, mzee?"

"Naondoka," akasema fundi viatu, amekunja uso, maana sanduku alilopewa lilikuwa la kike.

Aliuliza huyu, akauliza yule. Wote wanaondoka. Mhandisi akaandika neno kwenye karatasi yake kama anayeinong'oneza, akapanda gari akaenda ng'ambo kulakiwa na watu waliolala barabarani. Jioni ile shemeji alibebwa juu juu.

Siku nyingi zikapita kimya. Halafu mchana mmoja shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, amekiingiza chumba cha kushonea, anakunywa chai, akapigiwa simu na karani wa ofisi ya mradi, kijana aliyewahi kupigwa picha ya ndege. Shemeji akafungua spika, maana mtu wa kamati hapokei simu peke yake.

"Mwenyekiti! Kikao kimekwisha sasa hivi. Kwenu imepita!"

"Imepita?"

"Imepita, nimeiona kwenye ramani. Pale pale uwanjani."

Chai ilimwagikia kwenye sare. Shemeji alikuwa ameshafika barabarani, koti halijaingia mkono wa pili, anapiga ukelele, "Imepita! Kwetu imepita!" Na mtaa mzima ukapokea, imepita, imepita, mpaka wa ng'ambo wakasikia.

Nisimcheke peke yake. Kwa lugha yetu hii, mtoto akifaulu mtihani amepita, mgombea akishinda amepita, ombi likikubaliwa limepita. Na gari likikuacha umesimama kituoni, vumbi mdomoni, nalo limepita. Stesheni ikipita ni hivyo na reli ikipita ni hivyo hivyo. Neno moja linazivalisha zote mbili, na karani hakuona sababu ya kufafanua. Aliyetaka ufafanuzi alikuwa dada peke yake. Shemeji aliporudi akihema, alimuuliza kwa sauti ya kawaida, anafuta chai kwa kitambaa, "Imepita nini, reli au stesheni?"

"Mke wangu, usinitie mkosi."

Wiki iliyofuata tulikwenda kupeleka sare shuleni, mimi na dada, tukakaa sana kwa sababu mwalimu mkuu alitaka kuhesabu mwenyewe. Tuliporudi, nyumba haikuwa na uso. Ukuta wa mbele ulikuwa chini, dirisha limeegemezwa kwenye mti wa jirani, na mafundi waliokuwa wakila mkate wetu walikuwa wakizipakia tofali kwenye mkokoteni. Shemeji alikuwa mweupe kwa vumbi mpaka kope. Alikuwa na furaha tele, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ningemwona na hofu kidogo ningejua pa kumshika.

"Cherehani yangu iko wapi?" dada akauliza.

Ilikuwa koridoni, mbele ya mlango wa bafu, imefunikwa shuka.

"Kwa muda tu," shemeji akasema. "Mpaka stesheni isimame."

"Na tofali zangu mnazipeleka wapi?"

"Uwanjani. Kamati inajenga jukwaa la kusubiria, ili wakija wajenzi wajue treni isimame wapi."

Nilifungua mdomo, dada akanishika mkono. Aliingia koridoni, akawasha taa, akakaa. Taa ya koridoni ni ile ya kukuonyesha mlango wa bafu ulipo, haikununuliwa kwa ajili ya kola. Kila aliyekwenda kuoga alimwambia samahani, naye akainua miguu.

Ukweli ulikuja na Bwana Tai, katika ukumbi uleule, mbele ya picha nyingine. Safari hii watu wembamba wa kahawa hawakuwepo. Palikuwa na mstari mwekundu unaoukata uwanja wetu katikati, na pembeni yake ukuta mrefu wa zege. Stesheni yenyewe ilikuwa mbali huko, kwenye mashamba matupu ambako hata mbwa hapotei, mahali ambapo kufika kwa basi kungechukua muda mrefu kuliko safari yenyewe ya treni. Mashamba yale yalikuwa ya watu wanaojua kukaa kwenye vikao.

"Kwa hiyo kwetu ni nini?" shemeji akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma, ingawa haikudumu.

"Kwenu inapita," Bwana Tai akasema. "Na kwa niaba ya mradi nawashukuru sana. Wenzenu wa ng'ambo walitukatalia katakata, tukaogopa kesi. Lakini hapa Mhandisi alikuta kila mtu ameshafungasha, anaondoka kwa hiari yake. Hatujawahi kupata ushirikiano wa namna hii."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Fundi viatu alianza kucheka, cheko la kooni, akashindwa kujizuia mpaka akatolewa nje, na tukaendelea kumsikia dirishani.

Nyumba chache za ukingoni zikabomolewa, wenyewe wakalipwa, mama muuza mkaa akaondoka kweli. Sisi mstari ulitukosa kwa upana wa uchochoro. Shemeji hakukata tamaa, alikwenda ofisini kudai fidia ya chumba cha mbele. Wakamuuliza nani alikibomoa. Mtu mwingine angedanganya. Yeye alisema, "Mimi," akawaonyesha na picha.

Sasa nilidhani angekijenga. Tofali zilikuwepo, zimekaa pale uwanjani kama jukwaa, zimetazamana na ukuta wa zege uliopanda mbele yake. Lakini shemeji alikuwa na hoja mpya. Ukuta ule una wavu juu, alisema, dereva anaweza kutuona. Akiona watu wengi na mizigo, atasimama. Dereva ni binadamu.

"Shemeji, ile treni ina ratiba," nikamwambia.

"Na binadamu ana moyo."

Kwa hiyo tulisubiri moyo wa dereva, msimu baada ya msimu, reli ikitandikwa, waya zikivutwa, na dada akishona koridoni. Mvua zilipoingia kupitia ule uwazi wa mbele tulitundika pazia la ndege kuziba, na mtu akipita barabarani aliona ngazi ya kupandia. Umeme ulipokatika dada alikunja mikono akangoja. Ulipowaka aliharakisha kufidia. Hatimaye mwalimu mkuu alikuja mwenyewe, mtu mstaarabu, ana mfuko mkononi. Alituamkia vizuri, akauliza habari za nyumbani, akatoa mashati ambayo kola zake zilikuwa zimekwenda upande, na suruali nyeusi yenye mfuko ulioshonwa ukafungwa kabisa, mkono hauingii. Alisema shule itajaribu fundi mwingine muhula huu, akiona mambo yametulia atarudi.

Alipotoka, dada aliishika ile suruali, akaisogeza kwenye taa, akaisogeza karibu zaidi mpaka kitambaa kikagusa balbu. "Siuoni," alisema. "Kweli siuoni huu uzi." Nikaenda uani nikalia kwa hasira, na sitaki mtu aniambie kwamba yalikuwa mambo ya mume na mke.

Siku ya treni ya kwanza, shemeji aliwakusanya tena. Hawakuja wengi, ila walikuja, na masanduku yao, wakapanda jukwaani juu ya tofali za dada. Yeye alikuwa mbele na kamera shingoni, koti limefungwa vifungo vyote, sanduku la harusi miguuni. Nilikwenda kuangalia. Nisingelikosa lile kwa chochote.

Kwanza tofali zilitetemeka. Shemeji akainua mkono kumpungia dereva, na mkono wa pili akainua kamera, na kitu kikapita. Siwezi kusema nimekiona. Palikuwa na upepo, kofia ya fundi viatu ikaruka, na masanduku matupu yakaanguka yote kwa pamoja, mengine yakabingirika mpaka kwenye matope. Watu walibaki wameinua mikono.

Shemeji alitazama kamera yake. Alibonyeza, akatazama tena, akabonyeza. Nilisogea kuchungulia. Kila picha ilikuwa na ukuta wa zege na wavu, na nyuma ya wavu hapakuwa na kitu. Picha ya mwisho ilikuwa na kofia ya fundi viatu.

Aliteremka, akalichukua sanduku, akatembea nyumbani. Dada alikuwa koridoni, anafumua kola zilizorudishwa, kichwa kimeinamia taa.

"Umeisikia?" shemeji akauliza.

"Imepita?"

"Imepita."

"Basi nirudishie chumba changu," dada akasema.

Hakupandisha sauti. Shemeji akavua koti pale pale mlangoni pa bafu. Mkokoteni ulikuwa wa kukodi, na hakukuwa na wa kumkopesha, si mtaa ule, si siku ile. Kwa hiyo akarudi uwanjani na sanduku la harusi, akabomoa jukwaa kwa nyundo, akalijaza sanduku tofali na kulibeba begani akiwa amepinda upande mmoja. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza sanduku lolote la kamati kuwa na kitu ndani. Watu walikuwa wamekaa barazani, wanamngoja.

"Mwenyekiti! Safari ya wapi?"

"Nyumbani," akajibu, na akaendelea kujibu hivyo kila alipopita, kwenda na kurudi, mpaka wakachoka kuuliza.

Dirisha ndilo dada alilotaka lianze. Walilisimamisha kabla ukuta haujafika kiunoni, limeshikiliwa kwa magogo, na dada akaivuta cherehani mpaka meza ikagusa, hakuna paa, hakuna mlango, mtaa mzima unamwona. Akachukua ule uzi mweusi. Akaulamba ncha, akafumba jicho moja, ukaingia.

Shemeji alikuwa ameiona picha. Aliweka tofali chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akaichukua kamera, akaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua, macho yamebana, kidole kimoja kikimwelekeza dada ainue kidevu.

"Kamera weka chini," dada akasema, hajageuka. "Shika tofali."

Akaiweka.